Siku Iliyolipwa Mara Mbili

Kiilu alikuwa amekwisha kuvuka Barabara ya Jogoo, chupa ikiwa mfukoni mwa koti, ndipo akagundua kwamba hajui tena alipo. Miaka yake yote ya Nairobi alikuwa ameitembea njia moja tu: kutoka chumba chake cha Shauri Moyo hadi banda la wachongaji kule Pumwani, na kurudi. Mtaa huu hakuwahi kuukanyaga. Nyumba za mawe zilipangwa safu baada ya safu, milango ya rangi moja, na kila kona aliyokata ilimrudisha kwenye kamba ileile ya nguo, nepi zilezile zikidondosha maji. Hewa ilinuka omena wa kukaangwa na moshi wa viwandani. Watoto waliitana kwa Kijaluo, mwanamke dirishani akawakemea kwa Kiswahili, mwingine akamcheka kwa Kiluhya, na yeye, Mkamba wa Wamunyu, akajiona kama abiria aliyeteremshwa kituo kisicho chake.

Kwenye mfereji wa pamoja wanawake walikuwa wakichota maji. Alimsogelea aliyeonekana mpole, akamuuliza kwa sauti ya chini zahanati ya kanisa iko wapi.

"Ile ya mkojo?" Mama yule akapaza sauti kama anayeongea na mtu aliye ng'ambo ya reli. "We Perez! Si ile zahanati ya kupima mkojo iko nyuma ya choo cha kaunsili?"

"Ndiyo hiyo. Mwambie afuate wenye chupa."

Walicheka, si kwa ubaya, lakini Kiilu aliubana mfuko wake kana kwamba chupa ingeweza kutoka na kujitambulisha. Akawafuata wenye chupa.

Zahanati ilikuwa nyumba ya mwisho ya safu, imepakwa chokaa, na benchi refu kibarazani. Wagonjwa waliketi na mizigo yao mapajani: huyu chupa ya soda, yule chupa ya sosi ya nyanya, mzee mmoja chupa ya marashi yenye kifuniko cha dhahabu. Kiilu akatoa yake, ya dawa ya kikohozi, aliyoiviringisha gazeti hadi ikanenepa.

"Umeifunga kama zawadi ya arusi," alisema mwanamke aliyeketi kando yake, Msomali aliyejitanda mtandio wa maua. Jina lake lilikuwa Sahro, na aliuza maziwa Eastleigh. "Fungua, warya. Hapa hakuna mgeni. Sote ni sukari."

Kiilu hakuwa amezoea bado kuitwa hivyo. Wiki mbili tu zilikuwa zimepita tangu aanguke bandani na tezo mkononi, wenzake wakampakia kwenye mkokoteni na kumkimbiza hospitali kuu. Alipozinduka, daktari alimwambia ana ugonjwa wa sukari, kwamba hautapona ila utatulizwa, na kwamba asirudi kujipanga katika foleni za pale. Dawa akachukue zahanati ya mtaani.

Ndani alimkuta sista Phelister, mwanamke wa Kakamega mwenye mikono mipana na sauti ya mwimbishaji kwaya. Alidondosha matone ya mkojo katika dawa ya buluu ndani ya kichupa chembamba, akakipasha moto kwenye taa ya spiriti. Kiilu alitazama rangi ikihama: buluu, kijani, manjano ya tope, kisha nyekundu ya tofali. Rangi alizijua. Nyekundu hiyo ndiyo waliyoitafuta bandani kwa kusugua mti wa mhugu kwa kiwi ya viatu mpaka ung'ae, na watalii waliipenda sana.

"Mbaya," alisema Phelister. "Hapa tunataka buluu ibaki buluu. Unafanya kazi gani, baba?"

"Nachonga wanyama."

"Huo mti unaushikilia na nini ukichonga?"

"Na miguu, sista."

"Basi vua viatu."

Alimchunguza kidole baada ya kidole, kama mama anayetafuta funza. "Sukari huanza kula hapa, na mwenyewe hasikii. Tezo ikikugusa hata kidogo, uje siku hiyohiyo. Usipake unga wa mti, usipake mafuta ya gari. Uje."

Akampa vidonge, akamwambia arudi Alhamisi ya mwezi ujao. Halafu akafungua droo na kumwekea kiganjani noti ya shilingi ishirini.

"Hii ya nini, sista?"

"Ya kuja."

Akamweleza. Wafadhili wa kanisa walikuwa wamechoka kuona watu wakifikishwa hospitali kuu juu ya mikokoteni. Waliulizia, wakaambiwa kwamba watu wa Eastlands hawaikatai dawa. Wanaikataa siku inayopotea. Mtu wa kibarua akija kuchukua vidonge, nyumbani hakuna unga. Kwa hiyo wakaamua kila mgonjwa anayekuja siku yake alipwe siku yake. "Si sadaka," Phelister alisema. "Usiichukue kama sadaka."

Kibarazani Sahro alikuwa akiifunga yake kwenye pindo la nguo. "Nimeishi Wajir, nimeishi Mogadishu, nimeuza maziwa mpaka Moyale," alimwambia. "Sijaona nchi nyingine mtu analipwa kwa mkojo wake."

Kiilu alicheka hadi barabarani.

Banda la wachongaji lilikuwa bati juu na wazi mbele na nyuma, sakafu imefunikwa maranda hata udongo hauonekani. Kila mtu alikuwa na gogo lake la kuchongea, na gogo la mtu halikaliwi na mwingine. Kiilu alifika jioni wenzake wakijipangusa vumbi, akakuta lake limejaa. Juu yake palikuwa na kifaru, swala wawili, twiga aliyeinamisha shingo, na simba wa Munyoki mwenye uso wa paka.

Hiyo ilikuwa desturi ya banda, na hakuna aliyekumbuka nani aliianza. Mchongaji hana mshahara. Asipochonga leo, leo yake haipo. Basi mwenzao akienda hospitali, kila mmoja humwekea mnyama mmoja kabla ya jua kuzama, na wanyama hao huuzwa kwenye stoo ya vinyago kwa jina la mgonjwa. Waliiita kujaza gogo. Aliyejaziwa hashukuru, aliyejaza hajivuni, maana zamu humfikia kila mtu. Jambo moja tu lilieleweka bila kusemwa: hujaziwa aliyepoteza siku. Ukitoka kwenda kufanya kibarua kwingine, au kumsaidia mjomba kuuza mbuzi Kiamaiko, gogo lako hulala tupu na huna la kulalamika.

"Wamesemaje?" aliuliza mzee Mativo. Yeye ndiye aliyemfundisha Kiilu kushika tezo alipotoka nyumbani akiwa hajaota ndevu, na pale bandani neno lake ndilo lililofunga mazungumzo.

"Ni sukari kweli, mzee. Nitakuwa nikienda kila mwezi."

"Sukari!" Munyoki akadakia. Munyoki hakuweza kuliacha jambo lipite bila kulitia chumvi. "Huo si ugonjwa wa mawaziri? Mtu wa kula muthokoi wa mahindi umeupata wapi? Mzee, huyu ana keki anayoificha."

"Mwache," Mativo alisema, akitabasamu. "Kila mwezi tutajaza. Kiilu, kesho wapeleke stoo hawa."

Hapo ndipo Kiilu alipopaswa kusema. Noti ilikuwa mfukoni, ameikunja ndogo, naye aliihisi kama jiwe ndani ya kiatu. Alifungua mdomo. Lakini watu walikuwa wamechoka, wanavaa makoti, na yeye mwenyewe aliona haya, haya ya mtu anayelipwa kwa kuugua wakati wengine wanalipwa kwa kutoa jasho. Wangeuliza kiasi gani. Munyoki angeitafutia jina. Akasema moyoni: kesho.

"Umewaambia?" mkewe Nzembi alimuuliza chumbani, akiinyoosha noti juu ya meza.

"Nitawaambia."

"Baba Nthoki, jambo kama hili huambiwa siku ya kwanza."

"Nimesema nitawaambia."

Mwezi uliofuata alikuja na maneno tayari, ameyapanga njia nzima kuanzia mtaa ule wa nepi. Alikuta gogo limeshajazwa, wenzake wameshaondoka. Mwezi uliofuata tena, habari haikuwa habari tena. Ilikuwa imekuwa ungamo. Angeanzaje? Angesema kwamba mara zile zote alijua? Akawa anawachukua wanyama kimya, anawapeleka stoo, na siku za wengine kuugua anajaza magogo yao kwa bidii kuliko wote: mnyama wake mkubwa kuliko wa wote, ameng'arishwa kuliko wote.

Akanunua redio. Ilikuwa kuukuu, ya kutoka kwa Mhindi wa Biashara Street, lakini ilisikika hadi uani. Jirani akamweleza Munyoki, na asubuhi banda zima likajua.

"Kiilu, nasikia sukari yako siku hizi inaimba!"

"Ni ya shemeji," Kiilu alisema. "Ameniazima."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza wa kutamka. Usiku ule hakuifungua redio, na Nzembi hakuuliza kwa nini.

Kisha sisimizi wakaja. Nyuma ya banda palikuwa na ua wa mabati ambapo wanaume walijisaidia haja ndogo, na asubuhi moja Munyoki alirudi kutoka huko akishika mbavu kwa kicheko.

"Njooni mwone! Kiilu amewafungulia sisimizi duka! Wamepanga foleni kuliko ya hospitali kuu!"

Watu wakaenda kutazama, wakarudi wakimpiga Kiilu mgongoni. Naye alicheka pamoja nao. Lakini Kiilu hakuwa amejisaidia pale tangu aanze kuugua. Kwa haya zake alikwenda vyoo vya kaunsili, hata mvua ikinyesha. Sisimizi wale walikuwa wakifuata mkojo wa mtu mwingine.

Hakuhitaji kutafuta sana. Alipoinua macho kazini alimwona mzee Mativo akinywa maji kwenye ndoo ya banda, kopo baada ya kopo, kama mtu aliyetoka jangwani. Aliona mshipi wake ukiwa umeongezwa tundu. Akamwona akiinuka, akienda nyuma, akirudi, akinywa, akiinuka tena. Aliijua njia hiyo kutoka ndoo hadi uani. Aliitembea yeye mwenyewe kabla ya kuanguka.

Mwambie, alijisemea. Mwambie mzee, ugonjwa wako ni huu wangu, twende. Lakini kumpeleka Mativo zahanati kulikuwa kumpeleka hadi kwenye droo ile. Mzee angeketi, angepimwa, angepewa noti, angeuliza ya nini, na Phelister kwa sauti yake ya kwaya angemjibu. Mativo angefanya hesabu ya miezi yote akiwa bado ameketi.

Mwezi huo Phelister alisimama kibarazani akawatangazia wagonjwa kwamba wafadhili wameongeza jambo. "Watu wengi wako majumbani na hawajijui. Ukimleta mwenzako mwenye dalili kama zako, yeye atalipwa siku yake na wewe utalipwa kwa kumleta."

"Nitakuletea Eastleigh nzima," Sahro alisema, na benchi likacheka.

Kiilu hakucheka. Alingoja wote waondoke, akaingia tena. "Sista, mtu akimleta mwenzake, anaweza kutolipwa?"

Phelister akamkazia macho. "Kwa nini asilipwe? Pesa zikirudi, wafadhili watasema watu hawazitaki, na mpango utafungwa. Unaye mtu, baba?"

"Hapana," Kiilu alisema. "Nauliza tu."

Wiki ileile tezo ya Mativo iliteleza. Si jambo la ajabu bandani; kila mchongaji ana kovu mguuni. Mzee aliangalia dole gumba lake la mguu, akalinyunyizia unga wa mhugu kama walivyofanya siku zote, akalifunga kitambaa, akaendelea na kifaru wake. Kiilu aliona damu ikiloweka kitambaa, akasikia sauti ya Phelister masikioni: uje siku hiyohiyo.

"Mzee," alisema. "Kidonda hicho ungekionyesha."

"Hiki? Nimepata vikubwa kuliko hiki wewe ukiwa mgongoni mwa mama yako."

"Hata hivyo."

"Kinaniuma? Hakiniumi. Chonga."

Angeweza kusema hapo: ndiyo maana nakuambia, kwa kuwa hakikuumi. Akainama, akachonga. Siku zikapita, kitambaa kikabadilishwa, kikabadilishwa tena. Mzee akaacha viatu akaanza kuvaa akala, ndara za tairi zilizoacha kidole wazi. Akaanza kuchechemea. Kisha asubuhi moja ya joto, bati likipasha banda kama tanuri, harufu ikatoka mguuni mwake.

Kiilu akaweka tezo chini. "Mzee, leo ni Alhamisi yangu. Twende pamoja."

Walichukua muda mrefu kufika. Mativo alimwegemea begani, akishangaa mitaa kama Kiilu alivyoishangaa mara ya kwanza, akisoma majina ya maduka, akiwasalimu wanawake wa mferejini. "Kumbe kuna watu wengi hivi ng'ambo hii," alisema. Kiilu aliomba moyoni njia isiishe.

Rangi haikuchelewa: nyekundu moja kwa moja. Phelister alipofungua kitambaa alimgeukia mzee kwa hasira ya mtu anayependa. "Mbona mmengoja hivi? Mbona mlingoja?"

"Sikujua, binti yangu," Mativo alisema. "Hakikuniuma."

Kiilu alitazama sakafu. Ilikuwa ya saruji nyekundu, imepigwa nta, na ndani yake aliona kivuli cha uso wake.

Phelister aliagiza gari la kanisa liitwe limpeleke mzee hospitali kuu. Halafu, kwa kuwa mpango ni mpango, akafungua droo. "Hii yako mzee, ya kuja. Hii yako baba Kiilu, ya kila mwezi. Na hii nyingine ni ya kumleta mzee."

Mkono wa Kiilu haukuinuka. Phelister akauchukua mwenyewe, akauwekea noti mbili, akaufunga.

Mativo alitazama kiganja chake, akatazama ngumi ya Kiilu. Hakuuliza kitu mpaka walipokuwa nyuma ya gari, mguu wake ukiwa juu ya mfuko wa pamba.

"Siku zote hizi walikuwa wakikulipa?"

"Ndiyo, mzee."

Gari likaruka shimo. Mativo akashikilia ubao.

"Na dalili hizi za kwangu ulizijua?"

Hilo ndilo Kiilu aliloliogopa kuliko lile la kwanza, na hakujua kwamba mzee angeweza kulifikia upesi hivyo.

"Nilizijua."

"Tangu lini?"

"Tangu sisimizi, mzee."

Mativo aligeuza uso, akatazama nje. Walipofika geti la hospitali alisema, "Tezo yangu ipake mafuta. Isishike kutu." Basi. Wakamteremsha.

Madaktari walimkata vidole vyote vya mguu ule pamoja na sehemu ya unyayo. Alipokuwa amelazwa, banda lilimjazia gogo kila siku, na Kiilu alifanya kazi kama mwenda wazimu. Alifika kabla ya wote, aliondoka baada ya wote, akaweka wawili, akaweka watatu: tembo, chui, familia nzima ya twiga. "Unataka kumjengea mzee mbuga?" Munyoki alimtania, ila kwa heshima, maana aliiona kazi kuwa nzuri. Kiilu hakula mchana. Mara mbili alisahau vidonge vyake, na hakujali.

Siku Mativo aliporudi kwa gongo, watu waliacha kazi wakampokea kwa vigelegele vya kiume, wakapanga wanyama mbele yake. Mzee aliketi, akashika mmoja baada ya mwingine, akawageuza. Hakuhitaji kuambiwa nani kachonga yupi. Mikono ile yote aliifundisha yeye. Wa Kiilu aliwatenga pembeni, mpaka wakawa kundi. Kisha akasema:

"Ndugu zangu, Mungu awabariki. Sasa nina jambo. Mimi pia nitakuwa nikienda kule zahanati ya ng'ambo kila mwezi. Siku hiyo msinijazie gogo. Kule mtu hulipwa siku yake."

"Hulipwa?" mmoja akauliza. "Hulipwa kwa nini?"

"Kwa kuja. Ni mpango wa kanisa. Ni mpango mzuri, na kama kuna mwingine humu ana kiu isiyoisha, aende."

Mahali fulani mtu alikuwa akisugua msasa, naye akaacha. Kiilu alisikia macho yakimgeukia kabla ya kuyaona.

"Basi ile redio..." Munyoki alianza, na kwa mara ya kwanza maishani hakumalizia mzaha. Alipopata sauti haikuwa ya mzaha. "Kiilu. Simba wangu wote wale. Mwezi ule mtoto wangu ana surua, nilikuwekea simba."

"Ndiyo," Kiilu alisema.

"Ulimchukua?"

"Nilimchukua."

"Ukijua una pesa mfukoni."

"Nikijua."

"Inatosha," Mativo alisema. "Wanyama walishauzwa. Hawawezi kurudi mtini."

Kiilu alisimama, mikono ikining'inia, akingoja. Alijua mzee hajamaliza. Lile la simba na redio lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa la sisimizi, na la kitambaa kilicholowa, na la wiki zote zile. Alimtazama Mativo usoni, akitamani aliseme limalizike. Mativo akachukua kifaru, akapuliza vumbi masikioni mwake, akamweka chini. Hakusema. Alikuwa ameamua kulifunika, na Kiilu alipoelewa hivyo ilimuuma kuliko kama angepigwa.

Jioni hiyo alitaka kulisema mwenyewe. Ulimi ulikataa, kama ulivyokataa siku ya kwanza na noti.

Kesho yake alifika mapema, redio kwapani. Mativo alikuwa ameshafika. Usingizi wa wazee ni mfupi, na gongo lilimfanya aanze safari kabla ya wengine. Munyoki naye alikuwepo, akipanga magogo ya mhugu, hakuinua kichwa.

Kiilu aliweka redio juu ya gogo lake. Akakusanya tezo zake, patasi, kipande cha msasa, akavitia guniani.

"Unaenda wapi?" Mativo aliuliza.

"Nyumbani, mzee. Nitachonga kulekule Wamunyu. Nzembi atanifuata shule zikifungwa."

"Umemuuliza yeye?"

"Nimemwambia."

"Na vidonge?"

"Nitatafuta Machakos."

"Machakos ni mbali, na huko hakuna wa kukulipa siku." Mativo hakulisema kwa kejeli; alikuwa akipima tu umbali. "Utaenda mwezi wa kwanza. Wa pili utakuwa na shamba. Wa tatu utaletwa na mkokoteni."

Kiilu alifunga mdomo wa gunia kwa kamba. Alitafuta neno, akalipata, likawa dogo mno. "Mzee, lile jingine hukuwaambia."

"Lipi?"

"Unalijua."

"Mguu ni wangu," Mativo alisema. "Habari zake nazitoa mimi."

Akanyoosha mguu uliofungwa, akajaribu kubana kipande cha mhugu kati yake na ule mzima. Kikateleza. Akakirudisha, kikateleza tena. Kiilu aliona, akapiga hatua moja mbele. Angeweza kuketi pale na kumshikilia, hata siku zote zilizobaki. Munyoki akainua kichwa na kumtazama. Hatua ikarudi nyuma.

Alibeba gunia begani, akatoka upande wa barabara.

"Kiilu!" Mativo aliita. "Alhamisi ni siku yetu. Nitakungoja hapa, siijui vizuri njia ile."

"Nimesikia, mzee," Kiilu alisema bila kugeuka, akapita kwenye vibanda vya mitumba vilivyoanza kufunguliwa, gunia likigongagonga mgongoni, hadi koti lake likawa moja ya makoti mengi yaliyokuwa yakielekea mjini.

Wengine wakafika mmoja mmoja. Kila aliyeingia aliitazama redio juu ya gogo, akapita, akaketi mahali pake. Hakuna aliyeifungua. Munyoki alisukuma gogo lake mwenyewe hadi ubavuni mwa Mativo, akaketi, akaubana mti wa mzee kwa miguu yake miwili.

"Chonga," alisema. "Ila ukinikata kidole, mimi ndiye nitakayekupeleka."

Mativo akainua tezo. Alipiga pigo la kwanza taratibu, akaangalia barabarani, kisha akapiga la pili.